Kaa wa ndani ya matumbawe: yupi umwache, yupi umtoe, na yupi usihangaike naye

Wiki ilopita binamu yangu alinitumia picha ya kisahani cha plastiki kimejaa vikaa, kama kumi na kitu hivi, vingine vyekundu vingine rangi ya chungwa, hakuna hata kimoja kilichozidi kifungo cha koti. Anafanya kazi kwenye kitalu cha matumbawe, ile ya kufunga vipande kwenye meza za chuma chini ya maji mpaka vikue ndo vihamishiwe mwambani, na siku hiyo walikuwa wanasafisha miche, basi kila walipokuta kaa katikati ya matawi wakamchokoa kwa kijiti wakamtoa eti asije akala tumbawe. Akaniuliza, hawa wanaliwa ama tuwatupe? Nikamwambia warudishe hao sasa hivi alafu tuongee.

Na swali lenyewe si la kijinga. Ukikuta mdudu kwenye mchicha wako unamtoa, ndo akili ya mkulima, na kitalu ni shamba tu ila liko chini ya maji. Taabu ni kwamba kule chini mdudu mwengine ndo askari wa shamba lenyewe, ukimtoa umemfukuza mlinzi geti limebaki wazi. So hapa nawaweka sambamba wale unaoweza kukutana nao pwani yetu, alafu mwisho ntawajibu na wale ndugu walioko Dubai na Marekani wenye matangi ya maji chumvi sebuleni manake nao huuliza, ila wao swali lao ni jengine, wao wanataka kununua.

Kitu cha kwanza kabla ya majina: angalia gamba. Hapo pumzi inakwisha, miwani imeingia ukungu, huna muda wa kuhesabu miiba ya kaa. Gamba likiwa laini linang'aa kama limepakwa mafuta, huyo nenda naye kwa wema, nafasi kubwa ni rafiki. Gamba likiwa na manyoya manyoya, limekwaruza, limeshika uchafu, huyo muangalie mara mbili. Si sheria ya Mungu lakini itakuvusha mara nyingi kuliko kukisia kwa rangi, rangi zinadanganya sana.

Haya, sasa wenyewe.

Trapezia, kaa mlinzi

Huyu ndo aliyejaa kwenye kile kisahani. Anaishi kwenye matumbawe ya jamii ya Pocillopora, yale yenye matawi mafupi manene yaliyobanana kama koliflawa, na ndugu zake Stylophora na Seriatopora. Ni mdogo, gamba sentimita moja mpaka mbili hivi, bapa, laini, na magando makubwa kuliko mwili unavyostahili. Kuna wa rangi moja ya chungwa, kuna Trapezia rufopunctata mwenye madoa mekundu mwili mzima mpaka anafanana na kitenge. Kwa kawaida utakuta dume na jike, wawili wa aina moja kwa tumbawe moja, akija mwengine wa aina yao anafukuzwa, ingawa wa aina tofauti wanaweza kuvumiliana kwenye tumbawe kubwa.

Anakula nini? Ute. Tumbawe linatoa ute, na Pocillopora inatoa pia vipunje vya mafuta kwenye ncha za vinyama vyake, vile viumbe vidogo vinavyolijenga tumbawe, kaa anachota kwa miguu anapeleka mdomoni. Sasa mtu akimuona anachokoachokoa vile anadhani tumbawe linatafunwa. Hapana, huo ni mshahara.

Na kazi anayolipwa ni kweli anaifanya, si hadithi za kupendezesha watalii. Kuna jaribio lilichapishwa 2006, watafiti walikuwa kisiwa cha Moorea huko Polinesia ya Ufaransa, wakatoa kaa kwenye vipande vya matumbawe, vya jamii ya Pocillopora na vya Acropora, vingine wakaviacha na kaa wake, wakavirudisha baharini. Chini ya mwezi mmoja vile visivyo na kaa karibu nusu vikafa, kwengine mpaka asilimia 80. Vyenye kaa vilipona vyote. Sababu ni mchanga tu! Mchanga na tope linatua kwenye tumbawe, kaa analisukuma analitupa nje siku nzima, bila yeye linabaki pale linaziba, tumbawe linapauka linaoza. Sasa wewe fikiria kwetu wakati wa kusi, bahari imechafuka, ama masika mito imeshusha tope maji yote yamekuwa chai ya maziwa, na mche wako uko kwenye meza nusu mita kutoka chini, alafu umemtoa mfagiaji. Nilimpigia binamu yangu hesabu hiyo akanyamaza kidogo kwenye simu.

Kazi ya pili ni vita. Taji la miiba, kile kiti cha pweza kikubwa chenye mikono mingi na sumu kwenye miiba, kinapanda juu ya tumbawe kinatoa tumbo lake nje kinaliyeyusha pale pale, kikiondoka kimeacha jiwe jeupe. Trapezia akisikia kimefika anatoka, anashika miguu midogo ya chini na miiba kwa gando, anabana, anavuta, anatikisa juu chini mpaka jamaa anaona bora aende kwengine. Mwanasayansi Peter Glynn aliliona hili Panama tangu miaka ya 1970. Na hayuko peke yake, kuna kamba mdogo anaitwa Alpheus lottini, yule anayelia tak! kama mtu anayealisha vidole, wanakaa nyumba moja na kaa na wanapigana pamoja, na majaribio ya Moorea tena yalionyesha wakiwa wote wawili ulinzi unazidi hata ukijumlisha kazi ya mmoja mmoja. Kwa hiyo ukikuta kamba mdogo wa rangi ya chungwa mle ndani naye mwache, usiniambie ulidhani ni uduvi wa kukaanga.

Lakini hapa kuna kitu watu hawakisemi. Si kila Trapezia anafaa kwa kila adui. Utafiti uliotoka 2014 ulipima aina tofauti na saizi tofauti, ikaonekana aliyeweza kulizuia taji la miiba kweli ni Trapezia flavopunctata, ambaye ni jitu kati yao, na wale wadogo kazi yao ni kuwazuia konokono wa Drupella, hawa wanaokula tumbawe polepole kuanzia chini. Manake usitazame kikaa kidogo ukasema hiki kitanisaidia nini. Kinakusaidia na konokono.

Uamuzi: mwache. Sina maneno mengine.

Tetralia, yule wa Acropora

Huyu watu wengi hawamtofautishi na wa juu na kwa kweli kazi yao inafanana, ni kama binamu. Tofauti kubwa ni nyumba: Tetralia anakaa Acropora, yale matumbawe ya pembe za swala na yale ya meza. Ni mdogo zaidi, mara nyingi hafiki hata sentimita moja na nusu, mweupe au rangi ya krimu, na aina kadhaa zina mstari mweusi au wa rangi kwenye paji la uso kama aliyevaa miwani ya jua. Naye anakula ute, naye anafagia mchanga, lile jaribio la 2006 lilikuwa na yeye pia.

Kwenye vita sifa kubwa ni ya Trapezia, hapo tusemane kweli. Na taji la miiba linaipenda Acropora kweli kweli, so kitalu chenye Acropora nyingi usitegemee kaa peke yake, bado lazima watu wapige doria wakitoe kile kiti cha pweza kwa mkono, yaani kwa koleo, si kwa mkono mtupu, sumu yake si mchezo.

Mie nikipewa nichague kati ya hawa wawili? Huwezi kuchagua, na ndo kosa ninaloliona. Jamaa mmoja aliniambia eti atakusanya Trapezia awapande kwenye Acropora zake kwa vile amesikia ni wakali. Hawatakaa. Usiku watatoka kutafuta Pocillopora na njiani huko samaki wanawasubiri. Tumbawe ndo linachagua kaa, wewe chagua tumbawe. Kama unapanga kitalu kipya na eneo lako lina tope na taji la miiba linapita, hapo Pocillopora inakuja na mlinzi mkali zaidi, weka nyingi, na huna haja ya kuwahamisha kaa hata kidogo manake watoto wao wanaelea na maji wanakuja wenyewe kutua kwenye mche ukishakuwa na matawi ya kujificha.

Cymo, mshukiwa

Huyu sasa. Mweupe au kijivu, gamba limejaa vipele na manyoya mafupi, aina moja Cymo melanodactylus ana ncha za vidole nyeusi kama aliyepaka piko. Anakaa Acropora na pia Pocillopora, kwa hiyo unaweza kumkuta jirani na wale wawili, na akitulia kati ya matawi hata humuoni.

Kesi yake: anakula nyama ya tumbawe, si ute peke yake. Ukimkuta kwenye mche mdogo wa urefu wa kidole na mche una sehemu nyeupe zilizotafunwa, basi kila mtu anaelekeza kidole kwake, hata mimi. Na wenye matangi ndo kabisa, kwao manyoya ni hukumu.

Lakini soma hii kwanza. Kuna ugonjwa wa matumbawe ambao nyama inakufa kwa mstari, unaacha jiwe jeupe nyuma yake, na kwenye mstari ule mara nyingi utakuta Cymo wamejazana. Watu wakasema si mnaona, hao hao ndo wanaosambaza. Watafiti Australia wakajaribu, wakawatoa kaa kwenye matumbawe yanayougua, matokeo yakatoka 2013: ugonjwa ukatembea haraka kama mara 3 kuliko pale kaa walipoachwa. Yaani inaelekea jamaa kwa kula pale mstarini walikuwa wanauchelewesha. Ni kama kumkuta mtu na ndoo kwenye nyumba inayoungua ukamkamata yeye kwa kuchoma.

Kwa hiyo kwa Cymo mie nafanya hivi, na hii ni rai yangu tu: tumbawe kubwa mwambani, mwache, hata liwe linaumwa, hasa likiwa linaumwa. Mche mdogo kitaluni, hauna mstari wa ugonjwa, lakini kila ukirudi kuna kipande kipya kimetafunwa na yeye ndo mpangaji peke yake mle, hapo mtoe. Kijiti chembamba, polepole, umsukume aingie kwenye chupa, upeleke mwambani kwenye tumbawe kubwa. Usivunje tawi kumtafuta kaa, umeua vingi kuliko yeye angekula mwaka mzima. Na kama mko ndani ya hifadhi ya bahari, hata huyo hamruhusiwi kumtoa bila kibali.

Hapalocarcinus, aliyejifungia

Huyu simlinganishi sana maana huna la kuchagua, ila namtaja kwa sababu anashtua watu. Utaona kwenye Pocillopora au Seriatopora matawi mawili yameinama yamekutana kama viganja vya mtu anayechota maji, na katikati pana uwazi. Ndani yumo kaa jike, mdogo wa milimita chache. Alikaa pale akiwa mchanga, maji anayoyapitisha yakalifanya tawi likue kumzunguka, na sasa hawezi kutoka tena maisha yake yote, anabaki na vitundu vya kupitisha maji. Dume ni kadogo zaidi kako nje kanamtembelea. Jina lake kamili ni Hapalocarcinus marsupialis, na hilo la pili ni la ule mfuko anaobebea mayai, alipewa tangu 1859.

Mtu mmoja alidhani ni uvimbe wa ugonjwa akaukata kwa plaizi. Usikate. Umbo la tawi linaharibika ndio, lakini tumbawe linaendelea kukua, na kumtoa ni lazima uvunje. Kama mche una uvimbe mwingi sana na wewe unachagua upi ukatie vipande, chukua mche mwengine, basi.

Wa sebuleni na wa Florida

Haya ndugu zangu wa matangi. Maduka yatakuuzia kaa wa kijani, Mithraculus sculptus, na swali huwa: huyo au Trapezia? Hao hawashindani. Wa kijani ametoka Karibi, anafika kama sentimita 5, kazi yake ni mwani, hasa ule wa mapovu ya kijani unaojaa kwenye mawe, anaupasua anaula usiku. Shida ni akikua mkubwa na mwani ukiisha, njaa haina adabu, anaanza kudonoa vinyama vya matumbawe na hata kunyang'anyana na samaki chakula. Trapezia humnunui, anakuja bure ndani ya Pocillopora, ukimkuta usimtoe, na bila tumbawe hilo hatadumu. Kwa hiyo una mwani wa mapovu, chukua wa kijani mmoja, mdogo, umlishe. Huna mwani, usichukue yeyote. Na tumbawe unalonunua ulizia karatasi zake, matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mtu asikudanganye kwamba aliyaokota ufukweni Diani.

Pia kuna video inazunguka ya kaa mfalme wa Karibi, Maguimithrax spinosissimus, huko Florida wanamfuga wamuachie kwenye miamba iliyofunikwa na mwani, na majaribio yalionyesha kweli mwani unapungua sana na vitoto vya matumbawe na samaki vinaongezeka. Kila ikizunguka kuna mtu ananitag, tumlete kwetu? Hapana jamani. Huyo ni wa bahari ile. Sisi wakata mwani wetu ni pono, tasi na kangaja, na tunajua wanaishia wapi, wanaishia kwenye dema na madema yenyewe matundu yake madogo mpaka vitoto vinakamatwa. Ukitaka mwani upungue anza hapo, ni rahisi kuliko kusafirisha kaa kwa ndege.

Sasa nimalizie ya kile kisahani. Binamu yangu alinisikiliza, wakapiga mbizi tena, lakini akafanya kosa la pili, akawamwaga juu ya meza mchana kweupe kama anayemwaga mchele. Kabla hawajafika kwenye matawi samaki wameshawasafisha nusu. Ukiwarudisha, weka mdomo wa chupa ushike kabisa tumbawe, la aina ile ile ulilowatoa, uinamishe, usubiri waingie wenyewe mpaka ndani, usimfukuze kwa kidole. Waliobaki aliwarudisha hivyo. Jana katuma picha nyengine, kikaa kimoja chekundu ndani ya Pocillopora kimenyanyua magando yote mawili kwa kamera, na kisahani nimeuliza kiko wapi, akasema kiko kwenye boti wanawekea zip tai.